Msitu na Majirani Zake: Nani Aulizwe Kabla ya Mpango Kuandikwa

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Naishukuru Halmashauri kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu. Kazi ya karani kwa kawaida ni kuandika wasemayo wengine, wala si kusema. Lakini Halmashauri imeona vema kwamba jambo la msitu lielezwe kwa urefu kidogo kabla ya mkutano huu kufikia mapatano, nami nikaamriwa kuzisoma karatasi zake na kuwaeleza yaliyomo kwa lugha iliyo wazi. Nitajitahidi kutii amri hiyo, na wazee watanisahihisha pale ambapo kumbukumbu zao ni ndefu kuliko karatasi zangu.

Wengi wetu hapa, tujapokuwa twafanya kazi mijini, nyumba zetu za asili ziko katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi. Msitu huo una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, nao ni mkubwa kupita yote iliyosalia ya misitu mikavu ya pwani katika Afrika ya Mashariki. Sisi twaujua kwa miti yake: mirihi penye mchanga mweupe, mibambakofi, na mihuhu ambayo wachonga vinyago wameipenda mpaka karibu kuimaliza. Wataalamu wa mbali waujua kwa ndege wake, kama yule bundi mdogo aitwaye kwa jina la Sokoke, na kwa yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na rangi ya dhahabu nyuma, aitwaye sengi. Wote wawili, jirani na mtaalamu, wasema kweli. Lakini kila mmoja ameona upande wake.

Msitu huu una mpango. Uliandikwa kwa ajili ya miaka 25, kuanzia mwaka 2002 hadi mwaka 2027. Kila mpango una mwisho wake, na baada ya mwisho huandikwa mwingine. Swali ninalowaletea ni moja tu, nalo ni hili: mpango utakaofuata utaandikwa na nani, na sisi tutaulizwa lini? Je, tutaulizwa wakati karatasi bado ni nyeupe, au tutaitwa siku ya kutia sahihi?

Yafaa kwanza tuelewane mpango wa msitu ni kitu gani, maana wako wanaodhani kwamba ni habari za kuhesabu miti tu, jambo la maofisa. Mpango ni kitabu kinachoamua. Hicho ndicho kinachosema ni sehemu gani ya msitu isiyoguswa kabisa, ni sehemu gani mama aweza kuokota kuni zilizokauka, na kwa siku zipi. Hicho ndicho kinachosema ni wapi mizinga ya nyuki itatundikwa, ng'ombe watapitia njia gani wakati wa kiangazi, nani ataruhusiwa kuchimba mizizi ya dawa, ua la kuzuia ndovu lipite wapi, na fedha za watalii ziingie mfuko gani. Likiisha kuandikwa humo, neno hilo huwa amri, na askari wa msitu hulitimiza. Basi mtu asiyekuwapo mpango ulipoandikwa hukutana nao njiani, kichwani ana mzigo wa kuni, naye huambiwa kwamba amevunja sheria.

Wazee wetu hawakuwa watu wasio na mpango. Kaya zetu, zile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilitunzwa kwa shauri la wazee kwa vizazi vingi. Palikuwa na njia za kuingilia, palikuwa na mahali pasipokanyagwa ila na waliostahili, na palikuwa na miiko juu ya kukata mti. Aliyevunja mwiko alitozwa faini ya mbuzi au kuku, na kosa likatakaswa. Hapakuwa na kitabu, lakini palikuwa na sheria, na kila mtu aliijua kwa sababu babu yake alikuwapo ilipotungwa. Ni kwa utunzaji huo kwamba tangu mwaka 1992 kaya nyingi zikaandikwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 kundi la kaya hizo likatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Dunia imekuja kuyasifu yale ambayo zamani yalidharauliwa. Maana tusisahau pia kwamba mnamo Agosti 1914, wakati wa vita vya Wagiriama na utawala wa Waingereza, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Waliofanya vile walijua kwamba msitu ule ulikuwa mahali pa watu kukaa na kushauriana, wala si miti mitupu.

Baadaye Arabuko-Sokoke nao ukatangazwa. Mwaka 1943 ulifanywa msitu wa Serikali ya Mfalme, na kuanzia hapo amri zake zikatoka ofisini. Sisemi kwamba kutangazwa huko hakukuwa na faida. Tazameni nchi iliyo nje ya mpaka wa msitu, mtaona jinsi miti ilivyokwisha. Lau mpaka usingewekwa, pengine leo tusingekuwa na msitu wa kujadiliana habari zake. Lakini pamoja na faida hiyo likaingia jambo jingine: jirani akageuzwa kuwa mgeni. Aliyekata fito za kujengea aliitwa mwizi, hata ikiwa baba yake alikata pale pale mchana kweupe. Na mtu akiisha kuitwa mwizi wa kitu, huacha kukilinda.

Tena wako wenzetu ambao habari yao ni nzito kuliko yetu, nao ni Wawaata, ambao wengine huwaita Wasanye. Hao walikuwa wawindaji na walina asali katika nchi iliyo kati ya msitu huu na mto Galana na kwendelea hadi Tsavo. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatangazwa katika nchi waliyoiwinda, na uwindaji uliokuwa riziki yao ukawa hatia. Katika miaka ya 1950 wengi wao walikamatwa na kufungwa. Kisha mwaka 1960 ukaanzishwa mpango huko Galana wa kuwapa njia ya kuwinda kwa halali. Shabaha yake ilikuwa njema, lakini ulitungwa kwa ajili yao, haukutungwa pamoja nao. Haukuchukua miaka mingi nchi ile ikageuka kuwa ranchi ya ng'ombe, na watu waliokusudiwa hawakubaki na mamlaka juu yake. Nawaombeni mshike tofauti ya maneno hayo mawili, “kwa ajili yao” na “pamoja nao”, kwa kuwa hotuba yangu yote imo ndani yake.

Ili msidhani kwamba hayo ni mambo ya pwani tu, nitawapeleka kidogo mpaka bara, kwenye msitu wa Mau, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya milimani katika Kenya, wenye hekta zipatazo 400,000. Humo wakaa Waogiek, watu wa asali na uwindaji tangu zamani. Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1932 ilishauri kwamba watu wa namna hiyo, ambao wakati ule waliitwa Wandorobo, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa zaidi. Tangu hapo walitolewa msituni mara kwa mara, huku msitu wenyewe ukigawiwa wengine; mwaka 2001 peke yake Serikali ilikata zaidi ya hekta 60,000 katika misitu ya nchi hii, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa Mau. Kisha Oktoba 2009 Waogiek wakapewa ilani ya siku 30 wahame, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuulinda msitu.

Shauri hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ilihukumu kwamba haki za Waogiek zilivunjwa. Katika hukumu hiyo mna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, Mahakama haikuona ushahidi kwamba kukaa kwa Waogiek ndiko kulikokuwa sababu kubwa ya kuharibika kwa Mau; kwa hiyo haikukubali kwamba kuulinda msitu kwaweza kuwa sababu ya kuwatoa. La pili, iliona kwamba waliondolewa pasipo kushauriwa inavyostahili. Tena tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu waliyopata, na kwamba nchi yao ya asili ipimwe, iwekewe mipaka, nao wapewe hati. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena huko Sasimwani, Kaunti ya Narok. Hukumu ni kitu kikubwa, lakini haijengi nyumba iliyobomolewa. Ni afadhali kusikilizwa mapema barazani kuliko kushinda kesi ukiwa umekwisha kulala nje.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nije kwenye sheria ilivyo, kwa kuwa wengi wetu twalalamika tukidhani kwamba hatuna haki yo yote, kumbe tunazo ila hatuzitumii. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yaiagiza Serikali iwashirikishe wananchi katika kutunza mazingira, ihakikishe kwamba manufaa ya mali ya asili yanagawanywa kwa haki, na ijitahidi nchi iwe na miti katika asilimia 10 ya ardhi yake kwa uchache. Kifungu cha 63 chazitaja misitu ya jamii na mahali pa ibada za jadi, na chataja pia nchi za asili za jamii za wawindaji, kuwa ni ardhi ya jamii. Na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, iliyofuata ile ya mwaka 2005, yataka kila msitu wa umma uwe na mpango. Tena yawaruhusu wanaokaa kando ya msitu kuunda chama chao, kukiandikisha, na kuomba kushiriki katika usimamizi. Chama hicho kikipatana na Shirika la Misitu, wanachama waweza kupewa ruhusa za kurina asali, kuchukua kuni na nyasi, kuchunga, kuchuma dawa, na kupokea watalii. Kwa upande wao huwapasa kuulinda msitu, kuzima moto, na kutoa habari za waharibifu.

Wala hayo si maneno ya karatasini tu. Hapa hapa Arabuko-Sokoke tumeyaona yakitendeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa majirani walitaka msitu au sehemu yake ikatwe wapewe mashamba, na hasira zao zilikuwa na sababu: ardhi ilikuwa chache, ndovu walikula mahindi, na msitu haukuwapa kitu ila mashitaka. Ndipo mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo kule Gede, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kipepeo akiwa bado ndani ya gamba lake. Pupa hao hupelekwa Ulaya na Marekani katika nyumba za maonyesho. Kipepeo hana pa kutaga ila kwenye majani ya miti fulani, na miti hiyo imo msituni. Kwa hiyo yule aliyekuwa akiutazama msitu kama shamba alilonyimwa, akaanza kuutazama kama ghala lake. Walipoulizwa tena baada ya miaka michache, wafugaji wa vipepeo walionekana kuwa na moyo mwingine juu ya msitu.

Mwaka 1997 pale Dida likafanywa jaribio la majirani kushiriki katika usimamizi, moja la majaribio ya kwanza kabisa katika Kenya. Na kwenye hori la Mida, chama cha A Rocha Kenya kilijenga njia ya mbao juu ya mikoko, na ada ya wageni wanaoipita husaidia kulipia karo za shule za sekondari watoto wa vijiji vya kando ya msitu. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka katika miti hahitaji mhubiri wa kumwambia asiikate.

Lakini itanipasa niseme na upande wa pili, maana hotuba inayosifu tu ni kama shuka fupi: yafunika kichwa, yaacha miguu. Ushirikishaji wa watu katika mipango ya misitu, hapa na mahali pengine pengi katika nchi yetu, una kasoro tatu ambazo lazima tuziangalie.

Kasoro ya kwanza ni ya wakati. Mara nyingi watu huitwa mpango ukiwa umekwisha kupikwa, wakapewa chai na mandazi, wakaandika majina yao katika karatasi ya waliohudhuria. Karatasi hiyo baadaye huonyeshwa kama ushahidi kwamba jamii ilikubali. Kuhudhuria si kukubali, na kuandika jina mlangoni si kutia sahihi chini ya mapatano.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Mipango huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa kwa kurasa. Mzee aliyezijua njia za ndovu kabla mwandishi hajazaliwa hawezi kukisoma kitabu kinachozungumza habari za njia hizo. Elimu yake huchukuliwa, ikatafsiriwa, ikafungiwa mahali asipoweza kuifikia wala kuisahihisha.

Kasoro ya tatu ni yetu wenyewe, nayo ndiyo iliyo ngumu kuisema. Katika vyama vyetu, wanaosema ni wachache. Wanaoingia msituni kila siku ni akina mama wanaotafuta kuni, wachungaji, na walina asali. Lakini wanaokaa mbele mkutanoni ni sisi wenye suruali zilizopigwa pasi. Nani kati yetu hapa ajua kuni hupatikana wapi mwezi wa Februari? Akina mama wajua. Kama wao hawamo, basi sisi nasi twawafanyia wenzetu lile lile tunaloilaumu Serikali. Na Wawaata je? Mara nyingi majirani wenye idadi kubwa husema kwa niaba yao, wakati wao wapo hai na wana vinywa vyao.

Labda mtaniuliza: je, kuna mahali ambapo jambo hili limefanywa sawasawa? Sitawapeleka mbali. Katika nchi jirani ya Tanzania, wilayani Babati, kuna msitu wa miombo uitwao Duru-Haitemba, wenye hekta kama 9,000, unaozungukwa na vijiji vinane. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji hawakuridhika, na msitu wenyewe ulikuwa ukikatwa ovyo, kwa kuwa kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukiwahi kabla ya mwenzake. Baada ya mashauri marefu likachukuliwa shauri jingine: kila kijiji kilikabidhiwa sehemu yake, kikatunga kanuni zake, kikaweka walinzi kutoka miongoni mwa vijana wake. Uharibifu ukapungua na miti ikaanza kurudi. Ile njia ikaonekana kuwa nzuri, hata Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ikaweka misitu ya hifadhi ya vijiji kuwa jambo la nchi nzima. Walinzi wa nje walikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika Babati ni kwamba walioandika kanuni na wanaozitii wamekuwa watu wale wale.

Najua wako wazee hapa wenye shaka, na shaka yao ni ya haki. Wasema, “Watoto wetu ni wengi, ardhi haitoshi, mbona msizungumze habari ya kugawiwa msitu?” Nawajibu kwa heshima. Tukiugawa msitu, kila nyumba itapata kipande kidogo cha mchanga, kitakachotoa mahindi misimu michache kisha kichoke. Na kikiisha kugawanywa, hakuna kizazi kitakachoweza kukikusanya tena. Wengine wasema, “Tukishirikiana na maofisa tutakuwa tumekubali kwamba msitu ni wao.” Hapana. Kushiriki katika mpango si kufuta dai la mtu. Dai lisilosemwa ndilo linalofutika. Na wako maofisa wanaoogopa kwamba watu wakiulizwa watataka kila kitu. Hao nao tuwajibu kwa matendo: tuwe wa kwanza kusema ni nini ambacho sisi wenyewe tuko tayari kukiacha.

Kwa hiyo, kwa niaba ya Halmashauri, naleta mbele ya mkutano huu mapendekezo matano.

Kwanza, kwamba katika mwaka ujao Chama kiwatume vijana wetu waliosoma wakae na wazee wa kila kijiji, waandike majina ya mahali ndani ya msitu kama tunavyoyajua: visima, njia, makaburi, mahali pa matambiko, miti ya dawa isiyofaa kutajwa hadharani pasipo idhini. Mahali pa siri pabaki siri, lakini pajulikane kwamba papo. Mtu aingiapo katika mashauri akiwa na ramani yake mkononi hasomewi ramani ya mwingine.

Pili, kwamba tuandike barua kwa wahusika wote wa usimamizi wa msitu huu, tukiomba kwa adabu tushirikishwe tangu siku ya kwanza ya kutunga mpango mpya, si siku ya mwisho; na nakala ya barua hiyo itunzwe katika jalada la Chama.

Tatu, kwamba tudai mpango usomwe barazani kwa Kiswahili, na ufafanuliwe kwa Kigiriama na lugha nyingine za majirani, kipengele kwa kipengele, watu wapewe siku za kufikiri kabla ya kujibu.

Nne, kwamba katika wajumbe wo wote tutakaowatuma, nusu wawe akina mama, na wawemo wachungaji na walina asali. Na kwamba Wawaata waalikwe kwa jina lao na kwa wajumbe waliowachagua wenyewe, wasikae nyuma yetu kama wageni wetu.

Tano, kwamba sisi nasi tutoe ahadi iliyoandikwa: kutotega mitego ya nyaya, kutonunua magogo ya mihuhu yasiyo na kibali, kutoa habari za moto, na kuziweka hesabu za fedha za msitu wazi ili kila mwanachama aweze kuziona. Anayedai hesabu za wengine sharti kwanza afungue daftari lake.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, karatasi, nauli kidogo, na uvumilivu. Lakini yana muda wake. Wahenga walisema, “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.” Tukikaa kimya mpaka mwaka 2027 upite, mpango utaandikwa tu, kwa kuwa sheria yautaka, nao utakuwa na majina ya ndege wote na miti yote, ila mahali petu patakuwa patupu. Si kwa sababu mtu fulani alituchukia, bali kwa sababu hatukuwapo.

Ndugu zangu, sijawaomba mwupende msitu. Kupenda ni jambo la moyo wa mtu. Nimewaomba mkubali kuulizwa, na mjiandae kujibu. Msitu ule umewaona babu zetu wakiwa wenyeji, ukawaona baba zetu wakiwa washitakiwa. Yatubakia sisi kuamua utawaona wana wetu wakiwa nani. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini sharti hao wengi wawepo.

Sasa naiacha hoja mikononi mwenu, Bwana Mwenyekiti, mkutano uijadili na kuipigia kura, nami nirudi kitini pangu nishike kalamu, niandike mtakayoyasema.